Mmekifanya nini, au mmemfanya nini? Mimba ya kutisha katika filamu na katika ngeli zetu

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili alinijia ofisini hapa Kakamega na swali nililodhani ningelijibu kabla chai haijapoa. Anaandika tasnifu kuhusu filamu za kuogofya. Alitaka istilahi ya Kiswahili ya kuuita ule mkondo ambamo kinachotisha si mzuka anayebisha mlango usiku wala simba aliyejificha kichakani, bali mwili wa mhusika mwenyewe: ngozi inayofunguka, kiungo kinachoota mahali pasipo pake, tumbo linalobeba kisichojulikana.

"Prof, nimeandika 'vitisho vya mwili'," akasema, "lakini msimamizi wangu wa pili amekata kwa kalamu nyekundu."

Niliafikiana na kalamu nyekundu. Katika Kiswahili cha kila siku, vitisho ni maneno ya mtu anayetaka kukudhuru; ukivipokea unaenda kuandikisha taarifa polisi. Alichokitafuta mwanafunzi ni hali, na kwa hali Kiswahili kina kiambishi u-: utulivu, uchungu, uzito. Basi tukakubaliana aandike 'utisho wa mwili' hadi mwenye istilahi bora atakapojitokeza. Wasomaji wa safu hii mnakaribishwa.

Kumbe istilahi ndiyo iliyokuwa sehemu rahisi. Katika semina iliyofuata tulitazama filamu ambayo wengi huihesabu kuwa mama wa filamu za mimba ya kutisha, Rosemary's Baby, iliyoongozwa na Roman Polanski mwaka 1968 kutokana na riwaya ya Ira Levin iliyotoka mwaka mmoja kabla. Taa zilipowashwa vijana walianza kubishana kuhusu shetani. Mwanafunzi mmoja, ambaye mwenyewe alikuwa mjamzito wa miezi saba hivi, alinyamaza hadi mwisho. Kisha akasema: "Mimi, Prof, huyo mtoto hanitishi hata kidogo. Kinachonitisha ni vile huyu mama anasema anaumwa, na kila mtu anamwambia eti ni kawaida."

Ni nadra kuona uhakiki wa filamu hiyo unaofika haraka hivyo kwenye kiini chake. Makala haya ni jaribio la kumfuata.

Tasfida ya tumbo

Tuanze nyumbani, kwa maneno. Kiswahili hakipendi kulitazama tumbo la mama moja kwa moja. Neno mimba lipo, na wauguzi hulitumia bila wasiwasi, lakini mbele ya wakwe hulisikii. Utasikia ujauzito. Utasikia mja mzito, yaani mja, binadamu, aliyeongezewa uzito. Wazee wa pwani watasema himila, neno lenye asili ya Kiarabu. Vijana wa mitaani, ambao nao wana haya zao, watasema fulani 'ako na bol'. Mama akizaa tunasema amejifungua, neno linalomfanya kuwa mlango na mwenye ufunguo kwa wakati mmoja. Mahali alipokaa mtoto panaitwa mji wa mimba: si mfuko, ni mji, penye mwenyeji wake. Na mimba hutungwa, kwa kitenzi kile kile tunachokitumia kwa shairi.

Haya yote ni tasfida, ule ustaarabu wa kulisema jambo zito kwa neno lisilokwaruza. Tasfida si uongo. Ni adabu, na jamii isiyo na adabu ya maneno haikaliki. Hata hivyo kila tasfida ina gharama yake, na katika jambo hili gharama analipa mama. Tukisema 'amejifungua salama' tumefunika saa ishirini za uchungu kwa kitambaa cheupe.

Ukitaka kuisikia lugha iliyo chini ya kitambaa, nenda kliniki. Huko kuna kifafa cha mimba: shinikizo la damu hupanda hadi mama akatetemeka na kupoteza fahamu. Kuna mimba iliyotunga nje ya kizazi. Kuna nasuri ya uzazi, tundu linalobaki baada ya uchungu wa muda mrefu uliokosa msaada, ambalo humfanya mwanamke avujwe na mkojo na kutengwa na watu wake. Na kuna mimba zabibu, kama waitavyo wenzetu wa Tanzania. Mwanamke huona dalili zote za ujauzito. Hedhi imekoma, kichefuchefu kimezidi, tumbo linakua haraka kuliko miezi yake. Lakini aghalabu mtoto hayumo. Kilichokua ni tishu ya kondo la nyuma iliyogeuka vijifuko vya maji, vimeshikana kama kichala cha zabibu. Ni lazima isafishwe hospitalini, na damu ya mama ipimwe kwa miezi kadhaa, kwa sababu mabaki yake yanaweza kugeuka saratani.

Sijui mwongozaji wa filamu aliyebuni picha ya kutisha kuliko hiyo, na tazama jina lenyewe ni la tunda tamu. Mwanamke aliyelisikia jina hilo na maelezo yake atajua anaumwa nini na atarudi kupimwa damu. Asiyelisikia atapewa jina jingine na majirani, na ndani ya jina hilo kuna mtu fulani wa kijijini atakayeitwa mlozi. Lugha ikikosa neno, hofu hulitunga.

Chumba cha Rosemary

Sasa turudi kwenye filamu. Rosemary, aliyeigizwa na Mia Farrow, amehamia na mumewe mwigizaji katika jumba kuukuu jijini New York. Majirani ni wazee wakarimu kupita kiasi. Anashika mimba baada ya usiku mmoja wa ajabu asioukumbuka vizuri, na majirani hao wanamchagulia daktari mashuhuri. Daktari anamkataza kusoma vitabu vya uzazi na kuwasikiliza rafiki zake. Maumivu yanaanza. Badala ya kunenepa, Rosemary anakonda hadi uso unabaki macho. Kila akilalamika anaambiwa yatapita.

Nguvu ya filamu imo katika kile isichokionyesha. Hakuna tumbo linalopasuka, na mtoto mwenyewe hatumwoni hata mara moja. Tunaona kitanda cheusi cha mtoto na uso wa mama anayekichungulia. Utisho wote umejengwa kwa adabu za sebuleni: kikombe cha kinywaji, tabasamu la jirani, mkono wa mume begani. Watu wanaomtendea Rosemary ukatili wanazungumza tasfida kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi wetu aliliona hilo.

Tuna methali isemayo uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kwa kawaida tunaitumia kusifu mapenzi ya mama. Filamu hii inatulazimisha kuisoma kama kauli kuhusu maarifa. Mama ndiye ajuaye. Mwili wake ndio wa kwanza kupata habari. Kumwambia 'ni kawaida' kabla hujampima ni kumpokonya elimu ambayo hakuna mwingine aliyenayo.

Hata hivyo filamu ina kasoro, na si ndogo. Ili kutuonyesha kwamba Rosemary alikuwa na haki ya kuogopa, hadithi inamleta Ibilisi mwenyewe. Ni kana kwamba maumivu matupu yasingetosha; mama alihitaji shetani ndipo aaminike. Wala hatuwezi kusahau kwamba mwongozaji aliyeeleza vizuri hivyo jinsi mwili wa mwanamke unavyotumiwa bila ridhaa yake alikuja kukiri kosa la kufanya ngono na msichana mdogo katika mahakama ya Marekani mwaka 1977, akatoroka nchi hiyo mwaka 1978 kabla ya kuhukumiwa. Filamu inabaki kuwa nzuri. Utazamaji wetu ndio unaopaswa kuwa macho.

Hapa Kakamega tunajua umuhimu wa kumfikisha mama kliniki. Mpango wa kaunti wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ulioanza mwaka 2013, uliwapa akina mama maskini pesa kwa awamu ili wahudhurie kliniki na wajifungulie mikononi mwa wataalamu. Lakini kumfikisha mlangoni ni nusu ya safari. Rosemary hakukosa daktari. Alikosa daktari anayesikiliza.

KI au M?

Tufike kwenye kilele, ambacho kwa mwalimu wa lugha ni kilele cha sarufi pia. Rosemary anakikaribia kitanda, anachungulia, anashtuka na kuuliza wamefanya nini. Katika Kiingereza anatumia kile kiwakilishi cha vitu na wanyama. Anayemjibu anatumia kiwakilishi cha mtu: macho hayo, anasema, ni ya baba yake. Kwa sekunde chache watu wawili wanakitazama kitanda kimoja, mmoja anaona kitu na mwingine anaona mtu.

Niliwapa wanafunzi zoezi la kuitafsiri sehemu hiyo. Mtafsiri wa Kiswahili hana pa kujificha. 'Mmekifanya nini?' au 'mmemfanya nini?' Kiambishi kimoja cha yambwa kinaamua kama aliye kitandani ni mtu. Darasa liligawanyika katikati.

Na si katika filamu tu. Daktari anaandika: kijusi kimefikisha wiki 20. Mama wa kijusi hicho hicho anamwambia dada yake: leo mtoto amecheza usiku kucha. Amecheza, si kimecheza. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 26(2), inasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, lakini sarufi ya mama haikusubiri Katiba. Inamhamisha mtoto kutoka KI hadi A siku anapomsikia akicheza. Ukisikiliza vizuri utabaini pia kwamba mama aliyepoteza mimba, watu wakimfariji kwa 'imeharibika tu', yeye bado anasema 'aliniacha'. Ngeli mbili zinapishana juu ya msiba mmoja.

Kuna wenzangu wanaodai kwamba ngeli ya KI-VI ni ya dharau, na ushahidi wao ni kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Sikubaliani nao moja kwa moja. Kiongozi yumo humo, na kijana, na kinyozi, wala hakuna anayelalamika. Aidha, majina haya ya viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA: kipofu amefika, viongozi wamekuja. Sarufi ilikwisha kuwapa utu wao. Dharau haimo katika kiambishi. Imo katika uamuzi wa msemaji wa kuacha upatanisho wa mtu na kusema 'kile kilichozaliwa kwa fulani'. Hapo mtu hakukosea sarufi. Amehukumu.

Mtaalamu wa filamu wa Australia, Barbara Creed, aliandika kitabu mwaka 1993 akieleza jinsi sinema ya kuogofya inavyoufanya mwili wa uzazi wa mwanamke kuwa zimwi. Hoja yake inashikika. Hata katika Alien ya Ridley Scott, ya mwaka 1979, ambamo anayebeba kiumbe kifuani ni mwanamume, kinachotutisha ni uzazi: kiumbe kinapachikwa bila ridhaa, kinalelewa na damu ya mwenyeji, kinatoka kwa kupasua. Wanaume waliotetemeka katika majumba ya sinema mwaka huo walikuwa wakionjeshwa kwa dakika mbili hofu ambayo dada zao waliijua tangu ubalehe.

Kigego na zabolo

Ningependa kudai kwamba sisi tuko tofauti. Katika fasihi simulizi yetu tumbo la kutisha kwa kawaida si la mama bali la zimwi. Nunda mla watu wa pwani, ambaye Edward Steere alimchapisha katika ngano alizozikusanya Zanzibar mwaka 1870, alianza akiwa paka na kuishia akila watu. Manani wa ngano za Waluhya nao ni matumbo yanayotembea. Katika ngano nyingi za Afrika Mashariki dubwana humeza kijiji kizima, kisha shujaa hulipasua, mara nyingine kupitia kidole kidogo tu, na watu wakatoka wakiwa hai na mbuzi wao. Tumbo la zimwi ni kaburi linalogeuzwa kuwa kizazi. Hadithi za Ulaya na Marekani hufanya kinyume: huchukua kizazi na kukigeuza kaburi.

Ningeishia hapo nikajipongeza, ila kamusi hainiruhusu. Fungua herufi K utafute kigego. Ni mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, au aliyezaliwa kwa namna isiyo ya kawaida, na ambaye kwa sababu hiyo aliaminiwa kuleta mkosi. Fungua herufi T ukutane na timvi, mtoto wa nuksi vilevile. Waliokusanya maneno ya pwani enzi za wamishenari waliandika bila kupepesa jicho kwamba watoto wa namna hiyo zamani waliweza kuuawa. Kwa hivyo tulikuwa na filamu yetu ya mimba ya kutisha kabla kamera haijavumbuliwa, na tofauti ni kwamba katika yetu mtoto alikuwa wa kweli.

Ndiyo maana naihesabu Augure, inayojulikana pia kama Omen, ya mwaka 2023, kuwa filamu iliyogusa mfupa. Mwongozaji ni Baloji, msanii wa muziki aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji. Ilionyeshwa Cannes katika kitengo cha Un Certain Regard na kupata Tuzo ya Sauti Mpya. Ndani yake unasikia Kifaransa, Kilingala na Kiswahili. Koffi, anayeigizwa na Marc Zinga, anarudi Kongo kutoka Ubelgiji pamoja na mchumba wake mzungu, Alice, ambaye ni mjamzito. Koffi alizaliwa na alama kubwa usoni. Kwa ajili ya alama hiyo aliitwa zabolo, yaani wa shetani, na mama yake, Mujila, akamsukuma mbali. Amerudi na mahari mkononi akitaka kupokelewa. Amempakata mtoto mchanga wa dadake, pua yake inatoka damu, tone linamwangukia mtoto, na nyumba nzima inalipuka. Dakika moja baadaye hakuna tena mwana aliyerudi. Kuna kitu cha kupelekwa kwa tambiko.

Angalia jinsi Baloji alivyokigeuza kioo. Katika filamu ya Polanski zimwi limo tumboni na ulimwengu unasema ni kawaida. Hapa mtoto ni wa kawaida na ulimwengu unasema ni zimwi. Utisho wa mwili umepunguzwa hadi damu ya pua, jambo ambalo kila mama amelipangusa kwa leso. Kilichobaki kutisha ni jicho linalotazama na kinywa kinachotaja jina.

Jina la mwongozaji lenyewe ni somo la isimu. Katika Kiswahili cha Katanga, ambako wa- yetu huwa ba-, baloji ni walozi. Mluhya wa hapa hahitaji mkalimani: omulosi, abalosi. Mzizi ni mmoja kutoka Lubumbashi hadi Lurambi. Baloji amewahi kueleza kwamba zamani jina hilo lilimtaja mtu mwenye elimu, na ni enzi ya ukoloni lilipogeuzwa kuwa mchawi. Kwa hivyo alibebeshwa jina la kutisha, kama Koffi alivyobebeshwa alama, na akaamua kulitumia kama saini ya kazi yake.

Je, filamu haina dosari? Inazo. Baloji anatupa watu wanne wanaohesabiwa kuwa wachawi: Koffi, dada yake Tshala, kijana wa mitaani Paco, na Mujila mwenyewe. Wanne ni wengi kwa saa moja na nusu, na mavazi na rangi, zilizo za kupendeza kweli, mara nyingine zinakimbia mbele ya hadithi. Lakini dosari inayonisumbua zaidi ni Alice. Katika kisa kuhusu mtoto aliyehukumiwa kwa jinsi alivyozaliwa, mtu mwenye swali kubwa kuliko wote ni yule aliyebeba mtoto wa mtu huyo. Atazaliwa na alama? Ataitwa nani? Filamu inamweka pembeni kama mzigo wa safari. Inarekebisha kosa lake kiasi inapomkaribia Mujila mwishoni na kutuonyesha kwamba mama aliyemkataa mwanawe naye alikuwa amehukumiwa: mwenye kuzaa zabolo huitwa nani kama si mchawi? Hapo nilimkumbuka mwanafunzi wetu.

Kuna njia nyingine, na Mkenya aliionyesha mapema. Katika Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, Asha anaishi katika jamii iitwayo Maitu, neno la Kikuyu lenye maana ya mama, ambako maji ya mwili huchujwa na kunywewa tena na ndoto huzimwa kwa vidonge. Anapata mbegu hai, anatoroka nayo jangwani, anaipanda, anaikamulia jasho lake na kuifunika kwa mwili wake hadi mti unapoota hapo alipolala. Mwili unatoa kiumbe kingine na kuisha. Mambo ni yale yale ya utisho wa mwili, ila Asha alichagua. Ridhaa ndiyo iliyoigeuza jinamizi kuwa sadaka.

Kiazi kitamu

Kwa nini mzee wa lugha ashughulike na sinema za kutisha? Kwa sababu ya maneno matatu niliyoyasoma mwaka 2017 na ambayo hayajanitoka.

Mwaka huo BBC iliripoti kuhusu wakunga wa jadi huku kwetu magharibi mwa Kenya. Mtoto akizaliwa huntha, yaani mwenye maumbile ya jinsia yasiyoeleweka mara moja kuwa ya kike au ya kiume, zamani iliwezekana asitoke chumbani akiwa hai. Tendo hilo wakunga walilisema kwa fumbo: wamevunja kiazi kitamu. Hakuna aliyesema kuua. Hakuna aliyesema mtoto. Wapo wakunga, ripoti ilieleza, waliowaokoa watoto hao.

Nimefundisha tasfida kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimewaambia wanafunzi kwamba ni pambo la lugha, dalili ya ustaarabu, na nimewataka watoe mifano kumi katika mtihani. Sikuwahi kuwapa huo. Adabu ile ile inayotupa 'amejifungua' ndiyo iliyotupa 'kiazi'. Tasfida moja inamfunika mama kwa heshima, nyingine inamfunika mtoto kwa udongo. Anayetaka kuzitofautisha aulize swali moja tu: neno hili linamlinda nani?

Sheria imeanza kujibu. Sensa ya 2019 iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza nchini na kupata 1,524. Kabla ya hapo, kwa hesabu za serikali, hawakuwapo. Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja na kuwalinda. Na Kifungu cha 54(1)(a) cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na pia kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Hebu tulisome tena hilo. Katiba ya nchi, katikati ya mambo ya ardhi na kura na kodi, ilisimama kidogo ikazungumzia jinsi watu wanavyoitwa. Waliyoiandika walijua kwamba kabla mtoto hajafichwa nyuma ya nyumba, kwanza hupewa jina.

Wala si kwamba mila haiwezi kubadilisha hofu kuwa kitu kingine. Kuzaliwa kwa pacha miongoni mwa Waluhya kulizungukwa na miiko mizito. Lilikuwa tukio la hatari. Lakini jamii ililijibu kwa ngoma na kwa majina. Ndiyo maana leo ukikutana na Mukhwana na Mulongo sokoni hukimbii. Unawauliza nani alitangulia. Jamii iliyoweza kuwapa pacha majina inaweza kumpa kila mtoto jina.

Nimalizie kwa zoezi letu la tafsiri, maana niliahidi darasa jibu. Mimi nilichagua -ki-. Nilijitetea kwamba Rosemary, kwa mshtuko wake, anaona kitu, na kwamba ukuu wa mwisho wa filamu ni pale anapoanza kukitikisa kitanda taratibu: mikono inamhamisha mtoto kutoka KI hadi M bila neno kutamkwa. Kuzaa si kazi, nikawaambia, kazi ni kulea. Niliona nimesema vyema.

Mwanafunzi wetu mjamzito alikuwa ameandika -m-. Nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Kwa sababu, Prof, kwa Kiswahili 'mmemfanya nini' inaweza kuwa swali kuhusu mtoto, na pia kuhusu mama. Na kwa filamu nzima hakuna mtu amewahi kuuliza hilo la mama."

Nilimpa alama zote.